Habari za Stavercombe

Stavercombe
18 Novemba 1943

Dada yangu Maud,

Nakuandikia nimekaa juu ya kreti la vyombo, kwa hiyo usiulaumu mwandiko. Jana tuliitwa sote kwenye ghala la zaka, lile lililojengwa na watawa. Akaja ofisa wa jeshi, akapanda juu ya mkokoteni, akatusomea karatasi. Kijiji kizima kinachukuliwa kwa mazoezi ya askari, na inatubidi tuwe tumetoka kabla ya Krismasi. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma kama anayesoma tangazo la mbwa aliyepotea. Mwisho akasema, "Vita vikiisha, mtarudishiwa nyumba zenu." Bi Tranter akauliza, "Na mabata wangu je, nao wataandikiwa karatasi?" Watu wakacheka. Kisha tukatawanyika, kila mtu na lake.

Jabez amerudi kwenye mwiko wake wa uashi. Unamjua shemeji yako. Ukoo wao umekuwa wa waashi hapa tangu mnara wa kanisa ulipojengwa, au ndivyo anavyodai yeye. Akishapata pombe yake ya tufaha huwavuta watu hadi kwenye jiwe la chini la mnara, akawaonyesha alama iliyochongwa mfano wa wayo wa bata, akasema huo ni mkono wa babu yake. Kasisi humwambia kila mwashi wa zama zile alikuwa na alama yake, hakuna ajuaye ipi ni ya nani. Yeye humjibu, "Mimi najua."

Leo asubuhi nimemkuta kanisani anaziba ufa kwa chokaa. Nikamwambia, "Jabez, tunahama." Akasema, "Ndiyo maana naziba."

Tumepata vyumba viwili mjini Marlbridge, nyuma ya stesheni. Lakini nililotaka kukuomba ni hili. Reuben hajui, na sitaki ajue. Mwanangu yuko kwenye kambi ya wafungwa tangu walipotekwa kule Krete, na kila barua anauliza habari za nyumbani. Nikimwambia nyumbani hakuna mtu, atashika nini? Nitaendelea kuandika "Stavercombe" juu ya barua. Zake zitaletwa Marlbridge, nimeshaongea na watu wa posta. Nawe ukimwandikia, usimwambie.

Mdogo wako,
Hester


Carlisle
27 Novemba 1943

Hester,

Barua yako nimeisoma nikalia, kisha nikakasirika. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe hujawahi kuimaliza hata hiyo fupi. Ulipokuwa mtoto ukidanganya ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Mama alikuwa hata hakuulizi, alikutazama masikio tu. Bahati yako barua haina masikio.

Reuben si mtoto. Amepigana, ametekwa, ameona watu wakifa. Unadhani kuhama nyumba ndiko kutakakomuua?

Sawa, sitamwambia. Ila sitamdanganya pia. Nitamwandikia habari za paka wangu, na kama ana akili atajiuliza kwa nini mama yake mkubwa amegeuka mtu wa paka.

Mguu wangu bado umevimba, la sivyo ningekuja kukusaidia kubeba. Mwambie Jabez nimesema pole. Asipojibu, mwambie tena.

Dada yako,
Maud


Kambi ya wafungwa wa vita, Silesia
30 Januari 1944

Mama na Baba,

Mimi mzima. Vifurushi vya Msalaba Mwekundu vimefika, tumekula, na soksi za Mama nimezivaa zote kwa pamoja.

Huku baada ya chakula cha jioni kila mtu hupewa zamu aeleze kwao. Watu wa London wanasimulia baa zao mpaka tunawazomea. Zamu yangu ilipofika nikawapeleka Stavercombe. Nikaanza kule juu mlimani, kwenye matuta ya mashamba ya kale, nikawaeleza yalivyolimwa kwa maksai kabla hakujawa na ua hata mmoja, na jinsi jua la jioni linavyoyatoa kwenye majani kama mbavu. Nikashuka nao hadi lango la makaburi, nikapita kwenye ule mti mkubwa wa myuu. Tukafika mlango wa kanisa, nikakwama. Sikumbuki pete ya chuma iko mkono gani. Mlango nilioufungua maisha yangu yote.

Nikaruka, nikawaingiza ndani hadi kwenye birika la ubatizo, nikakwama tena. Upande wa kusini ni malaika, magharibi ni mvuna ngano na mundu wake, mashariki ni njiwa. Kaskazini ni nini?

Naomba mniangalizie. Mwambie Baba aende na taa, kule nyuma ni giza. Msione ni mambo ya kitoto. Nikianza kusahau pale, sijui nitabaki na nini.

Mwana wenu,
Reuben


Stavercombe
12 Machi 1944

Mwanangu Reuben,

Barua yako imefika, nami baada ya kufua nikaenda kanisani kukuangalizia. Pete ya mlango iko mkono wa kushoto, na ukiigeuza lazima usukume kwa bega, maana mlango umevimba kwa unyevu kama kawaida yake. Chini yake kuna ule mkwaruzo, wanaosema ulifanywa na farasi wa askari wa Cromwell, na baba yako anasema ulifanywa na kasisi wa zamani alipokuwa amelewa.

Juu ya birika tumegombana. Mimi nasema upande wa kaskazini ni simba, aliyechongwa na mtu ambaye hajawahi kuona simba, ndiyo maana amefanana na Bi Tranter. Baba yako anasema simba yuko kwenye kiti cha kwaya, na kaskazini ya birika ni mzabibu. Kulikuwa giza, sikuona vizuri. Atakwenda kuhakikisha.

Matuta yameanza kuonekana tena baada ya theluji. Mabata wa Bi Tranter wamejaa bwawani. Ukiona muhuri wa posta wa Marlbridge usishangae, siku hizi mchukua maziwa ndiye anayetupelekea barua mjini.

Baba yako hapa anasema nikuambie usikae bure, jifunze Kijerumani, angalau ujue wanakutukana nini.

Mama yako


Marlbridge
23 Aprili 1944

Dada Maud,

Telegramu yangu umeipata. Najua hukuweza kusafiri, usijilaumu. Tumemzika Jabez jana, makaburi ya mji, ukutani karibu na kiwanda cha gesi. Nakuandikia ilivyokuwa, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Ni ule ubishi wa birika. Nilimwandikia Reuben kwamba baba yake atakwenda kuangalia. Nilidhani ni maneno tu, ya kujaza karatasi. Lakini Jabez tangu siku ile hakutulia. Mara anachora birika mezani kwa kidole, mara ananiuliza usingizini, "Unakumbuka majani?" Jumatatu ya Pasaka nikaamka, kiti chake kitupu, taa ya mkono haipo.

Alikwenda kwa miguu, Maud, na mvua ile. Pale barabara ya bonde wamezungusha seng'enge na vibao vya hatari. Yeye anajua njia ya mkondo wa maji, ile ya watawa, akapita chini. Askari walikuwa wamelala kwenye lile ghala. Asubuhi wakaona taa kanisani, wakaenda na bunduki, wakamkuta amepiga magoti mbele ya birika anapapasa jiwe. Sajini akamwambia, "Mzee, hapa mizinga itaanza kulia sasa hivi." Akamjibu, "Basi iningoje, sijamaliza upande wa mashariki."

Wakamleta kwa lori, amefunikwa blanketi la jeshi. Alikuwa amelowa hadi mifupani, na ananicheka. "Mzabibu," akasema. "Nilikuambia." Usiku ule kifua kikabana. Daktari akasema nimonia. Alikuwa na siku chache nzuri, akanieleza kila kitu alichokiona: madirisha yametolewa salama, paa lina tundu moja, ule ufa aliouziba kwa chokaa umeshika. Halafu hakuongea tena.

Sasa niambie nimwandikie nini Reuben. Kwamba baba yake amekufa, atavumilia, kama wanaume wote. Lakini ataniuliza imekuwaje. Na akishajua Jabez alikwenda kuangalia nini, na kwa sababu ya nani, ataishi nalo vipi ndani ya kambi ile? Kwa hilo siwezi, Maud. Usinilaumu, na usinitajie masikio yangu.

Hester


Kambi ya wafungwa wa vita, Silesia
11 Juni 1944

Mama na Baba,

Barua ya Machi imefika. Nimeusukuma ule mlango kwa bega mara nyingi tangu niisome.

Mmenisababishia ugomvi. Banda zima limegawanyika, upande mmoja simba, upande mwingine mzabibu, na wamewekeana dau la sigara. Kuna Mskoti mmoja, McAusland, hajawahi kufika kusini ya Glasgow ila kuja vitani, sasa anajiita mtu wa Stavercombe. Juzi kaniuliza kama kuna nyumba ya kupanga. Nikamwambia asubiri mtu afe. Akasema, "Huko kwenu watu wanakufa kweli, au wanangoja ruhusa ya kasisi?" Basi Baba, amua. Simba au mzabibu?

Na mlizunguka mipaka ya parokia mwaka huu? Nilikuwa nahesabu Jumapili nikajua ndiyo siku zenyewe. Nikajiona nimetangulia na fimbo yangu ya mwerebi, tukipiga kila jiwe la mpaka kama walivyopiga wale waliotangulia, na Baba nyuma analalamika kwamba kasisi anafupisha sala.

Hapa tunasikia mambo mengi juu ya vita. Pengine mwakani nitazunguka nanyi.

Reuben


Stavercombe
20 Agosti 1944

Mwanangu,

Ni mzabibu. Baba yako alikwenda na taa akaangalia mwenyewe. Mimi nimeshindwa, na rafiki zako wa simba watanisamehe sigara zao.

Mipaka tulizunguka. Tulitokea kanisani baada ya sala, tukapanda kwa njia ya watawa. Kwenye jiwe la mashariki tulivamiwa na nyigu, kila mtu akakimbia, kasisi amebeba kanzu yake kiunoni. Bi Tranter akasema tangu mfalme wa Kinormani aandike kijiji hiki kwenye kitabu chake hakijapata kuona mapaja ya kasisi. Tulikula mkate na jibini pale juu. Bonde lote lilionekana, kanisa, ghala, moshi wa kila nyumba.

Baba yako hajambo. Mkono wake unamsumbua, kwa hiyo hashiki kalamu, ila anakusalimu sana. Jana alipita kwenye ukuta ule ulioujenga nyuma ya zizi kabla hujaenda vitani, akausimamia muda mrefu. Anasema ni kazi nzuri. Anasema ni nzuri kuliko yake.

Jitunze, mwanangu.

Mama yako


Kambi ya wafungwa wa vita, Silesia
3 Desemba 1944

Mama,

Barua ya Agosti nimeipata. Watu wa mzabibu wamelipwa sigara zao.

Wameletwa wafungwa wapya waliotekwa Ufaransa. Mmoja ni askari wa mizinga, Ellis Garraway. Kitanda chake kiko juu ya changu. Zamu yangu ya kusimulia ilipofika alinisikiliza, kisha akanifuata nje, tukaongea muda mrefu. Ni mtu mwema. Nimefurahi kwamba ni yeye niliyekutana naye na si mwingine.

Mama, usihangaike tena kuniandikia maneno ya Baba. Niandikie yako. Niambie unakula nini, na kama unapata makaa ya kutosha. Niambie unalala saa ngapi. Umekuwa ukinipeleka kila mahali, kanisani, mlimani, bwawani, lakini wewe mwenyewe sikuoni. Kaa kitako siku moja unieleze habari zako.

Huku baridi imeanza. Wanasema huenda tukahamishwa kwa miguu kuelekea magharibi. Barua zikikatika usiogope.

Mwanao anayekupenda,
Reuben


Kambi ya mapokezi, Sussex
14 Mei 1945

Bi Hester Pinnock
Kwa Posta ya Marlbridge

Mama,

Nimefika Uingereza. Wananilisha kama nguruwe wa Krismasi, na hawaniachii hadi nipate uzito. Nimekuandikia Marlbridge, na kwa hilo umeshaelewa.

Garraway alifanyia mazoezi Stavercombe. Usiku ule nikisimulia, nilipofika kwenye ghala la zaka aliniuliza, "Lile lenye nguzo zilizofungwa kwa vigingi vya mbao, halina hata msumari?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Ndugu yangu, pale hakuna watu." Nilimbishia. Nikamwambia mama yangu aliniandikia kutoka palepale mwezi wa Machi. Ndipo akanieleza juu ya mzee mmoja waliyemkuta kanisani na taa, aliyekataa kutoka mpaka alizunguke birika lote. Garraway ndiye aliyemfunika blanketi. Alikuwa akisimulia kama kichekesho, maskini, hakujua.

Nilijipa moyo kwamba alifika nyumbani akapona. Halafu ikaja barua yako ya Agosti, Baba anausifu ukuta wangu. Mama, ukuta ule aliniambia umepinda kama mguu wa mbwa, na alikuwa na haki. Baba hajapata kunisifu tangu nizaliwe. Niliposoma pale nikajua amekufa.

Sikukuambia kwa sababu niliona unanifichia kwa upendo, na mimi nilitaka kijiji kile ulichokuwa unaniandikia. Tulipotembezwa kwenye theluji, McAusland nami tulikuwa tunazunguka mipaka yako, na nyigu wote na kasisi. Yeye hakufika. Alilala chini tukiwa karibu na jiwe la mashariki.

Lakini naomba unijibu moja, kwa ukweli. Baba alikufa kwa ajili ya swali langu?

Reuben


Marlbridge
16 Mei 1945

Mwanangu Reuben,

Nakujibu kwa ukweli, na mama yako mkubwa yuko hapa, amekuja juzi, anaweza kuyaangalia masikio yangu.

Alikufa kwa ubaridi alioupata kule. Hilo siwezi kulibadilisha. Lakini wewe hukumwona tulivyoishi hapa tangu Desemba ile. Alikuwa anakaa dirishani anatazama treni. Mtu aliyekuwa hawezi kupita ukuta bila kuugusa, akawa hagusi hata kikombe chake mpaka nimkumbushe. Barua yako ilipofika alisimama. Kwa mwezi mzima alinibishia, alichora, alinitukana mimi na simba wangu. Nilipata mume wangu tena. Alikuwa anatafuta sababu ya kurudi kwao, Reuben, na wewe ulimpa. Asingeipata kwako angejitafutia mwenyewe, hata kwa kofia aliyoisahau.

Alirudi anacheka. Nimeishi naye miaka yote ile, na hakuna ubishi uliowahi kumfurahisha kama ule.

Njoo. Kitanda ni kifupi, lakini makaa yapo.

Mama


Marlbridge
10 Oktoba 1948

Dada Maud,

Umesema nikueleze yote, maana mguu umekukatalia tena safari. Nakueleza.

Kijiji hawaturudishii. Hilo tumeshaambiwa kwa barua, yenye maneno mengi ya adabu. Wanasema nchi bado inahitaji bonde lile. Bi Tranter amekwenda kumpiga makelele ofisa mmoja mpaka akapewa chai. Lakini kanisa na makaburi yake wamekubali kuyaacha, na Reuben hakuwapa raha. Ameandika, amekwenda, amekaa kwenye mabenchi ya ofisi, hadi askofu akatoa kibali na jeshi likatoa siku moja. Jana tumemrudisha Jabez.

Mizinga ilinyamaza tangu asubuhi. Reuben alitangulia kuchimba, hakukubali askari wamsaidie. Alipofika kina akakuta mifupa ya mtu wa kale, kama wanavyokuta siku zote pale, maana ardhi ile imezika watu juu ya watu. Akaikusanya, akaisogeza upande mmoja taratibu, akaifunika. Nikamsikia anamwambia, "Samahani, mzee. Sogea kidogo."

Nyumba zimekwisha. Yetu imebaki ukuta wa jikoni, na mti wa tufaha unazaa humo ndani. Ghala bado limesimama, ila paa limetoboka kama kitambaa kizee. Juu mlimani vifaru vimepita kwenye matuta, lakini matuta yapo. Mvua ilipokatika jua likatoka ubavuni, tukayaona yote hadi kileleni, watu wa Stavercombe wote tuliokuja tukasimama kuyatazama. Birika la ubatizo wamelifunika kwa mbao. Sikulifunua.

Ofisa aliyetusimamia ni mdogo, ana chunusi. Wakati kasisi anasoma alivua kofia bila kuambiwa. Baadaye akaja akaniuliza, "Mama, familia yenu imekaa hapa muda mrefu?" Nikatazama kaburi, nikamtazama Reuben anavyosawazisha udongo kwa mgongo wa koleo. Nikamwambia, "Tumekaa."

Kisha wakasema lori liko tayari, mazoezi yanaendelea saa sita. Watu wakaanza kupanda. Mimi nikaingia kwenye ukumbi wa mlango wa kanisa, nikakuta majani makavu yamejaa, na matope ya buti, na ganda la risasi moja. Kwenye kona kulikuwa na ufagio wa askari. Nikauchukua, nikafagia. Nilifagia sakafu, na vile viti vya mawe vya pembeni, na kizingiti kilichomong'onyoka katikati kwa miguu ya watu.

Ofisa akaja akasimama. "Mama, tunakungoja."

Nikamwambia, "Subiri kidogo." Akasubiri, na nikamaliza.

Mdogo wako,
Hester